Akiba Haiozi: Elimu ya Kufunga na Kufungua Mifuniko ya Chupa

(Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya mambo ya nyumbani, kwa ajili ya wasomaji wa mjini na wa mashambani.)



Wahenga walinena ya kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli tupu kwa fedha iliyowekwa benki, lakini kwa upande wa chakula halina budi kutiwa sharti moja: akiba haiozi ikiwa imefungwa vyema. Mama aliyechuma mapera wakati wa msimu, akayapika pamoja na sukari, akayatia katika chupa ya mdomo mpana, ameweka akiba. Hata hivyo kazi yote aliyoifanya, na kuni zote alizozichoma, na sukari yote aliyoinunua, vinategemea kitu kimoja kidogo cha bati, nacho ni mfuniko. Mfuniko ukishika, jamu itakaa mwaka mzima rafuni bila kuharibika. Usiposhika, mwezi hautakwisha kabla ya ukungu kuota juu yake. Tena kwa vyakula vingine iko hatari kubwa kuliko ukungu, kama itakavyoelezwa mbele.

Liko na jambo la pili linalojulikana katika kila nyumba. Mfuniko ulioshika sana hukataa kufunguka. Baba huuzungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kijana huipiga chupa juu ya meza. Mwingine huleta kisu. Siku nyingine mkono hukatwa, au chupa huvunjika, na chakula kikatupwa pamoja na vigae.

Mambo hayo mawili, kufunga na kufungua, ni elimu moja. Ajuaye kwa nini mfuniko umeshika ndiye ajuaye namna ya kuuachisha.

HEWA INA NGUVU

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hewa, ingawa haionekani, ina uzito. Dunia imezungukwa na hewa iliyopanda juu sana, nayo hewa hiyo yote hukikandamiza kila kitu kilicho chini yake. Huko pwani, kila sentimita moja ya mraba hubeba nguvu ya hewa iliyo sawa na uzito wa kilo moja hivi. Mtu hauhisi mzigo huo kwa sababu hewa iko pande zote, nje na ndani, upande mmoja ukisukuma na upande wa pili ukirudisha. Lakini hewa ikiondolewa upande mmoja, ndipo nguvu ya upande wa pili inapojulikana.

Mjerumani mmoja, jina lake Otto von Guericke, aliyekuwa mkuu wa mji wa Magdeburg, aliwaonyesha watu jambo hilo katika miaka ya 1650. Alitengeneza mabakuli mawili makubwa ya shaba, akayakutanisha mdomo kwa mdomo, kisha akaitoa hewa ya ndani kwa pampu aliyoibuni mwenyewe. Hapakuwa na gundi wala msumari. Farasi wakafungwa, kundi moja upande huu na kundi jingine upande ule, wakavuta kwa nguvu zao zote, na mabakuli yasiachane. Lakini hewa iliporuhusiwa kuingia ndani, yaliachana bila taabu yo yote.

Mfuniko wa chupa ya jamu ni ndugu mdogo wa mabakuli yale. Chakula kinapochemka ndani ya chupa, mvuke hujaa katika nafasi iliyo juu yake na kuifukuza hewa. Maji yakigeuka kuwa mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,500. Chupa inapopoa, mvuke ule hurudi kuwa matone machache ya maji, na mahali ulipokuwa panabaki karibu patupu. Hewa ya nje, ikikosa wa kushindana naye ndani, huukandamiza mfuniko juu ya mdomo wa chupa.

Hesabu yake si ngumu. Mfuniko wenye upana wa sentimita 7 una eneo la sentimita za mraba 38 na kidogo. Ikiwa hewa iliyobaki ndani ina nusu tu ya nguvu ya hewa ya nje, basi huko Mombasa mfuniko huo utakandamizwa kana kwamba mtu ameutwika debe zima la maji, yaani uzito wa karibu kilo 20. Si ajabu, basi, kwamba mkono wa mtoto haumudu kuufungua.

Mtu anayetaka kulishuhudia jambo hilo bila gharama na atie uji wa moto katika bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, aufunge, kisha auache mpaka upoe. Ataona mfuniko umebonyea katikati kama tumbo la mwenye njaa. Hakuna aliyeubonyeza ila hewa.

WALIOTANGULIA

Katika Afrika ya Mashariki watu wamejua tangu zamani kwamba chombo bila kizibo si chombo kamili. Kibuyu kilizibwa kwa gunzi la mhindi, na mahali penye ufa pakapakwa nta ya nyuki. Vizibo vya namna hiyo vilizuia vumbi, wadudu na maji, wala havikukusudiwa kuizuia hewa.

Aliyeanza kuifanya kazi ya kukihifadhi chakula katika chupa zilizofungwa kabisa alikuwa Mfaransa, mtengeneza peremende, aitwaye Nicolas Appert. Alitia nyama, mboga na matunda katika chupa, akaziziba kwa vizibo vya koki vilivyofungwa kwa waya, kisha akazichemsha ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aandike kitabu cha kuwafundisha watu wote kazi hiyo. Naye akakiandika. La ajabu ni kwamba Appert mwenyewe hakujua sababu ya kufaulu kwake. Ilikuwa katika miaka ya 1860, baada ya yeye kufa, ndipo Louis Pasteur alipothibitisha kwamba chakula huharibiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba moto huviua. Basi kazi ya moto ni kuviua vijidudu vilivyomo, na kazi ya mfuniko ni kuvizuia vingine visiingie. Moto bila mfuniko ni bure, na mfuniko bila moto pia ni bure.

Mwaka ule ule wa 1810, huko London, Peter Durand alipewa hati ya kukihifadhi chakula katika makopo ya bati. Lakini kopo lilitangulia kifungulio chake kwa miaka zaidi ya 40, na katika muda wote huo mabaharia na askari waliyafungua makopo yao kwa patasi na nyundo.

Mfuniko wa kuzungusha, ule unaojulikana katika kila duka, uliletwa na fundi bati wa Marekani, John Landis Mason, aliyepata hati yake tarehe 30 Novemba, 1858, akiwa kijana wa miaka 26. Alitengeneza chupa yenye mistari iliyojipinda kuizunguka shingo, na mfuniko wenye mistari iliyolingana nayo, hata mfuniko ukizungushwa ukawa unashuka na kubana. Baadaye pete ya mpira ilitiwa kati ya mfuniko na kioo ili kuziba hata tundu dogo. Wengine walitajirika kwa uvumbuzi huo, lakini Mason mwenyewe alikufa mwaka 1902 bila mali.

NAMNA YA KUFUNGA

Mambo yafuatayo yanahusu jamu za matunda na achari, ambazo zina uchachu wa kutosha na hivyo zaweza kufungwa nyumbani bila hatari.

Kwanza, chupa hukaguliwa. Kidole hupitishwa polepole kuuzunguka mdomo wake. Chupa iliyomeguka mdomoni, hata kidogo kama punje ya mtama, haifai kwa kazi hii, kwa kuwa hewa itapita pale pale. Na itumike kwa kuwekea chumvi au vifungo vya nguo. Kadhalika mfuniko ulioota kutu, au uliopinda, au ambao utando laini wa ndani umechanika, haufai. Utando huo ndio unaolainika kwa joto na kuushika mdomo wa kioo; mfuniko uliokwisha kutumika mara moja una alama ya mdomo wa kwanza ndani yake, na mara nyingi hautashika tena sawasawa. Kwa hiyo mfuniko mpya si anasa. Ni sehemu ya gharama ya jamu, kama ilivyo sukari.

Pili, chupa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikasuuzwa, ikawekwa katika maji ya moto mpaka saa ya kutiwa chakula. Jamu inayochemka haitiwi katika chupa baridi, kwa sababu upande wa ndani wa kioo utatanuka kabla ya upande wa nje, na chupa itapasuka.

Tatu, chupa haijazwi mpaka juu kabisa. Kwa jamu, nafasi ya milimita 6 hivi huachwa. Nafasi hiyo ndiyo nyumba ya mvuke. Isipokuwapo, chakula hupanda na kujipaka chini ya mfuniko. Ikizidi, hewa nyingi hubaki ndani.

Nne, mdomo wa chupa hupanguswa kwa kitambaa safi kilicholowa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tone moja la jamu lililosahauliwa mdomoni huuzuia mfuniko usikae sawa, na likikauka hugeuka kuwa gundi. Kosa hilo moja huleta hasara mbili: chupa isiyofungika leo, na mfuniko usiofunguka kesho.

Tano, mfuniko huzungushwa kwa ncha za vidole mpaka ukatae, basi. Mtu mwenye nguvu asiukaze kwa mkono wake wote, kwa maana hewa ya ndani haina budi kupata njia ya kutoka wakati wa kuchemsha. Nguvu ya kuukaza itakuja yenyewe chupa itakapopoa.

Sita, chupa hutumbukizwa katika sufuria kubwa yenye kitambaa au chano cha waya chini, maji yakizipita kwa juu sentimita 2 na nusu au zaidi, zikachemshwa. Desturi ya kuzigeuza chupa za moto kichwa chini badala ya kuzichemsha haitoshi, kwa kuwa mfuniko waweza kushika huku vijidudu vingine vikiwa hai ndani yake.

Saba, chupa hutolewa, zikasimamishwa juu ya kitambaa pasipo na upepo wa baridi, zikaachwa saa 12 hata 24 bila kuguswa. Katika muda huo mlio mdogo utasikika, moja baada ya moja: tok, tok. Huo ni mlio wa mifuniko ikibonyea. Kesho yake kila mfuniko hubonyezwa katikati kwa kidole. Ule uliokaa kimya umeshika. Ule unaoshuka na kupanda haukushika, na jamu ya chupa hiyo na iliwe kwanza, ikitunzwa mahali pa baridi, au ichemshwe tena siku hiyo hiyo kwa mfuniko mpya.

MOMBASA SI LIMURU

Iko tofauti ambayo wakaaji wa nyanda za juu hawana budi kuijua. Kadiri mtu anavyopanda kutoka baharini, ndivyo hewa inavyopungua. Msafiri atokaye Mombasa na pakiti ya viazi vya kukaanga ataiona imevimba kama mto wa kulalia afikapo Limuru. Hewa ya ndani ni ile ile ya pwani, lakini ya nje imepungua nguvu.

Kwa sababu hiyo hiyo maji ya milimani huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 94 au 95 hivi, na Nyahururu kwa digrii 92 hivi. Mpishi wa nyanda za juu huona maji yakitokota kwa fujo, akadhani moto ni ule ule, kumbe vijidudu vinaogeshwa katika maji yaliyopungua ukali. Upungufu huo hulipwa kwa muda. Chupa za jamu zinazochemshwa dakika 5 pwani huchemshwa dakika 10 mahali palipo kati ya mita 300 na mita 1,800, na dakika 15 mahali palipo juu zaidi.

HATARI ISIYO NA HARUFU

Jambo hili lasikilizwe kwa makini kuliko mengine yote, kwa kuwa ni la uhai na kifo.

Vijidudu vingi hupenda hewa, na mfuniko mzuri huvinyima. Lakini kiko kijidudu kimoja kikaacho udongoni, kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho huchukia hewa. Mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka kwa digrii 100. Zikifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, katika chakula kisicho na uchachu, huamka, zikaota, zikatoa sumu iliyo miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Chakula chenye sumu hiyo chaweza kuonekana kizuri na kunukia vizuri.

Kwa hiyo maharagwe, mahindi mabichi, nyama, samaki na mboga za majani visifungwe kamwe katika chupa nyumbani kwa maji ya kuchemka. Vyataka moto wa digrii 121, ambao haupatikani ila katika chombo maalumu cha kuchemshia kwa nguvu ya mvuke, kama vile vitumiwavyo viwandani. Asiye na chombo hicho na avianike vikauke, kama wazee walivyofanya, au avikaushe kwa moshi au kwa chumvi. Jamu ya matunda, na achari ya embe iliyotiwa siki ya kutosha, haziko katika hatari hiyo, kwa sababu uchachu humzuia adui yule asiote. Nyanya ziko mpakani. Hutiwa kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau katika kila chupa ya nusu lita, na yafaa yawe maji ya limau ya kiwandani, ambayo uchachu wake umepimwa.

Ugonjwa huu si wa nchi za mbali tu. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari za watu wa Kenya waliougua baada ya kula kumbikumbi. Dalili zake, ambazo mara nyingi huanza baada ya saa 12 hata 36, ni kuona vitu viwili viwili, kope za macho kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, na mwili kuishiwa nguvu kuanzia juu kwenda chini. Mgonjwa wa namna hiyo na apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu kifo huja kwa kukosa pumzi, na dawa hufaa zaidi ikiwahi.

Sheria, basi, ni hii. Kopo lililovimba, mfuniko uliofura, chupa inayotoa povu au kurusha maji inapofunguliwa, visionjwe hata kwa ncha ya ulimi. Na vitupwe mahali ambapo watoto, mbwa na kuku hawafiki. Dukani nako, mifuniko mingi ya chupa ina duara dogo katikati. Likiwa limebonyea, mlinzi yuko zamu. Likiwa limeinuka, mlinzi ameondoka, na chupa hiyo isinunuliwe.

NAMNA YA KUFUNGUA

Mfuniko usiofunguka hushikwa na mambo matatu: hewa, gundi na utelezi. Kila moja lina dawa yake.

Utelezi ndio mwepesi. Mara nyingi si mfuniko uliokataa, bali ni mkono unaoteleza kwa jasho au mafuta. Mikono na mfuniko vikaushwe, kisha mfuniko ushikwe kwa kitambaa kikavu, au bora zaidi kwa kipande cha mpira. Ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli, ukizungushwa ukingoni mwa mfuniko, hushika kuliko chombo kingi cha bei kubwa. Chupa na ishikwe karibu na kifua, si kwa mkono ulionyoshwa, na mfuniko uzungushwe kuelekea kushoto.

Dawa ya gundi ni joto. Sukari ya jamu au asali iliyokauka kati ya bati na kioo hulainika ikipata maji ya moto. Mfuniko huinamishwa chini ya maji ya moto kwa dakika moja hivi. Watu husema kwamba joto hulitanua bati. Hiyo ni kweli, lakini kipimo chake ni kidogo. Mfuniko wa chuma wa sentimita 7, ukiongezewa joto la digrii 50, hutanuka kwa sehemu 4 tu za mia za milimita moja. Hata hivyo bati ni jembamba na hupitisha joto upesi, na kioo ni kinene na kizito kupokea, hata bati likatangulia kutanuka kioo kingali kimelala. Pamoja na hayo, utando wa ndani hulainika, na ile hewa kidogo iliyomo hupata joto na kuanza kuusukuma mfuniko kwa ndani. Ni mambo manne madogo yaliyounga mkono pamoja. Lakini chupa iliyotoka katika friji isimwagiwe maji ya moto ghafula. Na ipewe muda kwanza.

Hewa ndiyo mshikaji mkubwa, na dawa yake ni kumpa mlango. Ncha ya kijiko hupenyezwa chini ya ukingo wa mfuniko, ikasukumwa kwa nje polepole, hapa kidogo na pale kidogo, mpaka mlio wa tok usikike. Hewa imeingia, na lile debe la maji limetuliwa. Baada ya hapo hata mtoto ataufungua. Ni kijiko kitumiwacho, si kisu, kwa maana kisu huteleza na kuingia kiganjani. Wala meno si chombo cha kufungulia cho chote. Na chupa ikimeguka mdomo wakati wa kufunguliwa, chakula chote na kitupwe, hata kama ni kizuri namna gani, kwa sababu kigae kidogo cha kioo hakionekani ndani ya jamu.

Chupa ya soda ni kinyume cha hayo yote. Ndani yake iko gesi inayosukuma kwenda nje, na kizibo chake hakina budi kuizuia isitoke. Mmarekani William Painter ndiye aliyevumbua kizibo kile cha bati chenye meno pembeni, akapata hati yake mwaka 1892. Kifungulio chake ni wenzo tu: nguvu ndogo mwishoni mwa mkono mrefu hugeuka kuwa nguvu kubwa ukingoni mwa kizibo.

CHUPA KATIKA GHALA YA MKULIMA

Mfuniko una kazi nyingine ambayo huenda ikawa na faida kubwa kuliko ya jamu, nayo ni kuzitunza mbegu. Fukusi wa mahindi na bungua wa kunde ni viumbe wenye uhai, na kila chenye uhai chataka pumzi. Mbegu zilizokauka vyema, zikijazwa katika chupa mpaka juu ili pasibaki nafasi ya hewa, na mfuniko ukakazwa, wadudu waliojificha ndani huimaliza pumzi iliyobaki, kisha wakafa wenyewe bila dawa. Mifuko ya plastiki ya tabaka mbili au tatu ambayo wakulima huitumia siku hizi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Lakini chupa isifunguliwe kila siku kwa kutazama. Kila ifunguliwapo, adui hupewa pumzi mpya.

Sharti ni ukavu. Mbegu mbichi zikifungiwa huvunda. Kipimo chake ni chupa hiyo hiyo: chupa kavu hutiwa punje chache pamoja na chumvi kavu, ikafungwa, ikatikiswa vizuri, ikaachwa kwa muda wa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, nafaka bado ni mbichi, na irudishwe juani. Ikianguka yote chini bila kushika, nafaka imekauka.

Neno la mwisho ni la watoto. Chupa ya soda isitiwe kamwe mafuta ya taa, wala chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu isitumiwe kwa chakula, hata ikioshwa mara saba. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi iliyobandikwa. Huona umbo la chupa, akanywa. Mwaka 1967 daktari wa Kanada, Henri Breault, alileta mfuniko wa dawa ambao haufunguki mpaka ubonyezwe na kuzungushwa kwa pamoja, kwa sababu alichoka kuwatibu watoto waliokunywa sumu. Mahali ambapo mfuniko kama huo haupatikani, rafu ya juu na kufuli ndivyo vitakavyoshika zamu yake.

Basi mfuniko ni mlinzi wa mlango. Akiwekwa kwa uangalifu, huyazuia yanayoharibu na kuyatunza yanayofaa; na mwenye nyumba anapotaka kuingia, hana haja ya kupigana naye, ila kujua namna ya kubisha hodi. Mama yule wa mapera, akiupangusa mdomo wa chupa yake kabla ya kuufunga, na akiubonyeza mfuniko kwa kidole kesho yake asubuhi, amelitimiza neno la wahenga. Akiba yake haitaoza.